Maramia, au seji: nimenunua kwa namna tatu, ya duka la viungo ndio nitarudia

Nianze na ile niliyoipenda, maana najua wengi mtasoma hapa juu tu alafu muende zenu. Pakiti ya majani makavu ya maramia, mazima sio ya kusaga, gramu 50, nimenunua shilingi 300 kwa duka moja la viungo pale Marikiti Mombasa. Nimeitumia miezi miwili sasa kwa chai, kwa maharage, kwa maini, na kwa koo la mamangu ambaye anasomesha madrasa na kila msimu wa vumbi sauti inamkauka. Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu nimeitoa kwa sababu ntakazosema mbele.

Kwa asiyeijua, maramia ndio hiyo wazungu wanaita sage, na kwetu wauzaji wengine wanaandika seji. Mimi nimeijulia Sharjah, kule Emirati. Nilifanya kazi miaka mitano kwa nyumba ya Wapalestina, asili yao Nablus, na bibi wa nyumba ile kila siku baada ya alasiri lazima apate chai yake: majani ya chai meusi, sukari ya kutosha, alafu majani mawili matatu ya maramia yanatiwa mwisho kabisa birika likishashuka motoni. Siku ya kwanza kuionja nilijiambia hii ni dawa sio chai. Ina harufu ya karafuu maiti kwa mbali, na ubaridi fulani unaopanda puani kama mkaratusi, alafu nyuma yake kuna uchungu mdogo. Wiki ya pili nikawa mimi ndio naulizia. Bibi alikua akinambia jina limetoka kwa Bi Maryam mamake Nabii Isa, kwao wanasimulia alipumzika karibu na kichaka chake akiwa safarini, ndio wakakiita hivyo. Kila nikiinusa namkumbuka yule bibi na kikombe chake kidogo cha gilasi, Mungu amrehemu.

Sasa niliporudi Mombasa nikaitafuta. Wallahi nimehangaika. Ukiuliza maramia mmoja anakuletea rozimeri, mwengine nanaa kavu, mwengine anakuuliza ni ya kufukiza? Kuchanganya na rozimeri siwalaumu sana kwa sababu ni ndugu wa karibu, mpaka wataalamu wa mimea 2017 waliihamisha rozimeri wakaitia ukoo mmoja na seji, ukoo wa Salvia. Na hizi mbegu za chia tunazoroweka kwa maji kila mtu anasema anapunguza tumbo, nazo ni ukoo huo huo. Ukitanuka zaidi kwa jamii nzima utamkuta nanaa, mrehani, na hata kivumbasi chetu cha kichakani tunachofukuzia mbu. Ndio maana ukisugua jani lolote katika hayo unapata mafuta yenye harufu kwa vidole.

Nikaishia supamaketi. Nikaona kichupa kizuri cha kioo, kimeandikwa sage, unga wa kijivu ndani, shilingi 420 kwa gramu 35. Nikafurahi nikakimbia nacho nyumbani. Kufungua, hakuna kitu. Yani hakuna. Kilinuka kama nyasi kavu zilizolala stoo, tarehe ya kuisha bado mwaka mzima na nusu lakini harufu ilishakufa zamani. Nikatia kwa chai, unga ukaelea, mwengine ukatuama chini kama matope, chai ikawa chungu bila ile raha yenyewe. Nikajaribu kwa kuku nikaona bora ningetia pilipili manga tu. Nilikasirika kwa sababu pesa ni pesa, na pia kwa sababu dadangu aliyeonja siku ile akaamua moja kwa moja kwamba maramia ni kitu kibaya, ikanichukua wiki tatu kumrudisha.

Na sababu yake inaeleweka. Utamu wote wa jani hili uko kwenye mafuta yake, yako juu juu kwenye vifuko vidogo sana vilivyo katikati ya vile vinyweleo vyeupe vinavyofanya jani liwe kama mahameli. Ukishasaga umevunja vifuko vyote, mafuta yanaanza kuruka hewani siku hiyo hiyo. Jani zima linayafungia ndani hata mwaka ukiliweka vizuri, unga miezi michache kwishnei, na hujui kile kichupa kimekaa rafu muda gani kabla ya wewe kufika. Kwa hivyo kama uko mahali ambapo kuna unga peke yake, ningekwambia usinunue, subiri. Kichupa kile nakipa nyota moja, na ni kwa sababu ya kichupa chenyewe, nimekitilia iliki.

Duka la viungo nililipata kwa kuelekezwa na mama mmoja muuza udi. Mzee mwenyewe amekaa nyuma ya magunia ya bizari na mdalasini, nikamuamkia, nikamwambia ami natafuta maramia, na hakuniuliza maramia ni nini. Akatoa mfuko chini ya meza akanambia, "Fungua mwanangu, nusa kwanza. Hiki si kitu cha kununua kwa macho." Huyo ndio muuzaji. Nikatoa jani moja nikalisugua kiganjani, na harufu ikanirudisha Sharjah jikoni pale pale.

Akanambia imetoka Uturuki ikapitia Dubai. Sina namna ya kuhakiki safari yake lakini jani lenyewe nimeliangalia: ni jembamba, kijani cha kijivu, na chini karibu na kikonyo lina vimasikio viwili vidogo. Hiyo ndio aina ya Uturuki, Ugiriki na Sham, yani Syria, Palestina na majirani zao, ndio inayotumika zaidi kwa chai. Ile nyingine, ya jani pana lisilo na masikio, ndio inayolimwa na kuchumwa sana Albania na pwani ya Dalmatia kule Kroatia, na hiyo ndio Wataliano na Waingereza wanapikia. Tofauti ipo kwa ulimi. Hii ya masikio ina mkaratusi mwingi na ni laini kwa chai, ile pana ni nzito zaidi, ya kupikia nyama. Wauzaji wengi hawatenganishi, zote ni maramia, basi wewe angalia jani.

Chai kwanza maana ndio nainywa kila siku. Chemsha maji na majani ya chai kama kawaida yako na sukari, bila maziwa, bila tangawizi, bila iliki, nisikilizeni hapa. Shusha, tia majani matatu manne makavu kwa birika la vikombe vinne, funika dakika tatu mpaka tano. Basi. Ukiyachemsha pamoja na maji robo saa kama tunavyofanya chai yetu ya viungo yanatoa uchungu wote na unabaki na kitu cha kusukutulia, sio cha kunywa. Mume wangu alijaribu kutia maziwa, ikawa kama dawa ya kifua iliyomwagikiwa na maziwa. Chai ya rangi tu jamani.

Jikoni sasa. Jani hili linataka mafuta, yani usilitupe kwa supu ya maji ukategemea muujiza. Wataliano wana mchuzi wao wa pasta ambao ni siagi na seji basi, hakuna kitu chengine. Mimi nimefanya kwa samli. Samli ikipata moto wa wastani tia majani, sekunde kumi kumi na tano yanakauka na kuwa kama krispi, toa haraka kabla hayajaungua kwa sababu yakiwa kahawia yanakua machungu. Mwagia samli ile juu ya viazi vya kuchemsha au malenge, vunja vunja majani juu, chumvi. Malenge! Sikua mpenzi wa malenge mpaka nilipofanya hivi, ule utamu wake na jani chungu kidogo vinashikana, watoto walikula sufuria nzima. Ukipata majani mabichi ndio mazuri zaidi kwa kukaanga, makavu yanafaa lakini yanaungua upesi, simama hapo hapo usiende kuangalia simu.

Maharage ndio yalinishangaza. Huko Toscana, Italia, kuna maharage meupe wanayapika kwa nyanya, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na seji, na nikasema ala, hii si ni maharage yetu yamekosa nazi tu? Nimechukua maharage ya kawaida yaliyochemka, nikakaanga kitunguu saumu punje tatu na majani matano ya maramia kwa mafuta, nyanya mbili, maharage na maji yake kidogo, moto mdogo dakika ishirini. Ukila na mkate wa mofa usiku wa baridi utanishukuru. Lakini nazi usitie. Nilijaribu, tui la nazi na maramia havipendani, kila kimoja kinataka kiwe mbele, na samaki wa kupaka ndio kabisa usiguse, nilimharibu changu mzima siku hiyo.

Maini ya ng'ombe yaliyokatwa membamba, yakakaangwa haraka kwa samli na jani mbili tatu, ile harufu nzito ya maini inapungua sana. Kuku wa kuoka: Waingereza wanachanganya kitunguu, makombo ya mkate na seji wanamjaza kuku au bata tumboni, na Wamarekani wanafanya yao kwa bata mzinga ile sikukuu yao ya Novemba. Mimi nilimjazia kuku wa kienyeji, kitunguu kimoja kikubwa, slesi nne za mkate wa juzi, kijiko kimoja kidogo cha majani yaliyofikichwa kwa mkono, limau, na ilikua nzuri mpaka mamangu akauliza nani amepika. Kijiko kidogo lakini, sio cha kulia. Ukizidisha nyama inakua na ladha ya sabuni na kafuri. Wataliano pia wana nyama ya ndama wanaibandika nyama ya nguruwe na jani la seji juu, sisi Waislamu tunaruka hiyo, nilifanya steki nyembamba ya ng'ombe na jani tu nikaibana na kijiti cha meno, ikatosha.

Haya, mambo ya afya, na hapa naomba tusomane taratibu kwa sababu naona watu wanauza hivi vitu na maneno makubwa ya kutibu kila ugonjwa. Sifa zake ni za kale, jina lenyewe la Salvia limetokana na Kilatini cha kupona na kuwa mzima, na Ulaya ya zamani kulikua na msemo wa kuuliza vipi mtu afe na seji inaota shambani kwake. Watu wanakufa na seji inaota, tuseme ukweli. Lakini kuna mambo machache ambayo jani hili linafanya na yanajulikana, koo likiwa la kwanza. Ujerumani kamati ya serikali iliyokua ikipitia dawa za mitishamba ililikubali jani hili kwa uvimbe wa kinywa na koo, kwa tumbo lisilosaga chakula vizuri na kwa kutoka jasho kupita kiasi, na ukienda duka la dawa huko unapata chai yake na hata pipi za kumung'unya.

Kwa mamangu nafanya hivi: vijiko viwili vidogo vya majani kwa nusu kikombe cha maji yanayochemka, nafunika dakika kumi, nachuja, likipoa liwe vuguvugu anasukutua mara tatu kwa siku na kutema. Anatema, hamezi, hiyo ni nzito kuliko ya kunywa. Inakaza koo, ukitia mdomoni utahisi fizi zinabana kama umekula zambarau mbichi, hiyo ni tanini. Siku ya pili anaanza kusomesha tena bila kujikaza. Ameanza kuficha pakiti kwa kabati lake. Sisemi imemponya, vumbi likirudi na koo linarudi, na mwezi uliopita alipopata homa na kumeza kukawa tabu nilimpeleka hospitali wala sikumchemshia majani, ilikua tonsili zimeshika usaha akapewa antibiotiki.

La pili ni joto la ghafla la wanawake wanaokoma hedhi. Shangazi yangu alikua anaamka usiku shuka limelowa. Uswisi walifanya utafiti ukatoka 2011, wanawake 71 wakapewa tembe za seji mbichi wiki 8, na vile vipindi vya joto vikapungua. Ila hawakua na kundi lengine la kupewa tembe tupu ili walinganishe, na wanawake wenyewe wanajua kwamba mambo haya yanapanda na kushuka yenyewe, kwa hivyo tusipige ngoma sana. Shangazi anakunywa kikombe kimoja jioni, anasema analala. Mimi nafurahi analala.

Na sasa wa kujihadhari, nawaomba msiruke. Jani hili lina kitu kinaitwa thujoni, kikizidi mwilini kinaleta degedege kama la kifafa, si utani. Kikombe kimoja viwili vya chai kwa mtu mzima mwenye afya na kutia kwa chakula haina shida, lakini mtu mwenye kifafa aachane nayo, mjamzito asinywe kama dawa, na yale mafuta yake makali yanayouzwa kwa vichupa vidogo vya matone usimeze kabisa kabisa, watu wamepata degedege kwa hivyo, hata watoto. Anayenyonyesha pia. Tangu zamani Ulaya mama akitaka kumuachisha mtoto ziwa anapewa chai ya seji maziwa yakauke, kwa hivyo kama mtoto bado anakutegemea usinywe. Wifi yangu ana mtoto wa miezi minne, alikua ashaanza kupenda chai yangu, nikamwambia wifi yangu mpenzi wewe hii ngoja mpaka mtoto aache ziwa. Na mwenye sukari anayetumia dawa amuulize daktari wake, inaweza kushusha sukari juu ya ile inayoshushwa na dawa.

Kitu chengine kinachochanganya watu: ukitafuta mtandaoni utaletewa kifungu cha majani meupe kimefungwa uzi, cha kuchoma nyumba inukie. Hiyo ni seji nyeupe ya California, mti mwengine, ni ya Wahindi Wekundu wa huko na ibada zao, na inavunwa porini mpaka inawaumiza wenyewe. Sio ya chai. Sisi tuna udi na ubani, nyumba zetu hazijakosa moshi.

Ya tatu niliyonunua ni mche. Nilikua Nairobi kwa harusi nikaona wauza miche kando ya barabara, mche mzuri wa seji shilingi 200, nikaubeba kwenye treni mpaka Mombasa nimeupakata. Ulikaa wiki sita. Joto uliliweza, unyevu ndio uliuua, mvua za masika zilipoanza mizizi ikaoza, majani yakawa meusi. Mti huu asili yake ni vilima vya mawe vya Mediterania, jua kali, udongo mkavu, hautaki miguu iloe. Binamu yangu wa Limuru alinunua siku hiyo hiyo mahali hapo hapo na wake saa hii ni kichaka, anatuma picha. Kwa hivyo kosa si la muuzaji. Kama uko Limuru, Nanyuki, Arusha, Lushoto, nunua mche usinunue pakiti, uweke kwa jua, maji kidogo, na ukishakua kata vijiti upande vyengine kwa sababu baada ya miaka mitatu minne shina linakua kuni na majani yanapungua. Watu wa pwani tujaribu chungu chenye matundu mengi, nusu kokoto na mchanga, chini ya paa mvua isifike. Nitajaribu tena baada ya vuli.

Ile nusu nyota sasa. Pakiti ya Marikiti haina tarehe ya kufungwa wala nchi iliyotoka, ni mfuko wa nailoni umepigwa moto juu. Ndani nimetoa vijiti vya kutosha kujaza kiganja, vijiti vinapimwa kwa bei ya jani. Na nailoni yenyewe harufu inapita, nimehamishia kwa chupa ya kahawa yenye kifuniko kizuri na kuiweka kabati la giza, mbali na jiko. Nilimwambia ami kuhusu tarehe, akasema atamwambia kijana wake aandike kwa kalamu. Pakiti ya pili niliyochukua wiki jana imeandikwa mwezi kwa wino wa bluu, vijiti bado vipo.

Ukienda nenda asubuhi kabla ya saa nne, mwenyewe ndio yupo dukani na mifuko yote atakufungulia unuse.